Vayoleti za mwalimu wa Makorora: zilizorudi na zisizorudi

Mwalimu mmoja mstaafu wa Makorora, hapa Tanga mjini, alipoteza karibu vayoleti zake zote za Usambara, maua madogo ya kuoteshwa kwenye makopo, katika masika moja. Hazikuibiwa, hazikuungua na jua, wala hakusahau kuzimwagilia. Waliozimaliza ni vidung'ata wa mizizini, wadudu weupe wadogo mno, ambao mpaka anawagundua walikuwa wameshahamia karibu kila kopo. Mwaka uliofuata, vuli ilipoingia, sehemu kubwa ya aina zile zilikuwa zimerudi barazani kwake, na hakununua hata moja. Chache hazijarudi mpaka leo, na sidhani kama zitarudi.

Mwenyewe ukimuuliza anasema ni riziki. Jirani zake wanasema ana mkono wa kuotesha. Yote mawili huenda ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini aina moja ilirudi na nyingine iliyokaa nayo kwenye sinia lile lile haikurudi. Nimelipitia daftari lake, nimezungumza na watu aliobadilishana nao mimea, na jina langu pia limo humo, kwa hiyo msomaji ajue kwamba simtazami kwa mbali.

Mkusanyo wenyewe

Alifundisha jiografia mpaka alipostaafu. Hana kitalu na hauzi maua. Nyumba yake ni ya kawaida ya mitaa hii: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma. Mimea iko kwenye baraza ya uani, upande usiopigwa na jua la mchana, na mbele yake ameweka ukuta wa makuti wa kupunguza joto la bati. Kuna okidi za pwani zilizofungwa kwenye shina la mwembe, zile zenye madoa ya kahawia juu ya njano ambazo wataalamu huziita Ansellia africana. Kuna zamiokulka, mmea ambao Waholanzi wanauotesha kwa wingi na kuuza dunia nzima ilhali asili yake ni ukanda huu huu wa Afrika Mashariki. Kuna sanseviera, zile ziitwazo mkonge pori, za kila namna. Pembeni ya ua kuna mtapo mmoja mzee, mmea wenye umbo la mnazi mfupi, aliourithi kwa baba mkwe wake. Halafu ndizo vayoleti, aina 23 kwa hesabu ya daftari kabla ya msiba.

Kazi yake nyingi ni ya mikono na haina siri. Makumbi ya nazi anayakatakata kwa panga, anayaloweka kwenye ndoo, anamwaga maji na kuweka mengine, tena na tena, mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai. Makumbi ya pwani yana chumvi, na mizizi ya vayoleti haivumilii chumvi. Akishayakausha kidogo huyachanganya na mboji na mchanga wa mto. Vibao vya majina hukata kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kula, na huandika kwa penseli. Wino, hata ule wa kalamu nene ya kuandikia maboksi, unafutwa na jua, penseli inakaa.

Kwenye kila kibao kuna mambo mawili: mmea ulitoka sehemu gani, na ulipitia mkononi mwa nani. Hiyo ndiyo jiografia yake iliyobaki. Wengi wetu tulikuwa tukimcheka. Jina tu la mmea lilitutosha, tena mara nyingi lilikuwa jina la kubuni, "ile ya zambarau", "ile ya kwa shangazi".

Kwa nini hasa vayoleti

Mtu wa Tanga kukusanya vayoleti ni kukusanya cha kwao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo hili, alizikuta zikiota kwenye miamba ya chokaa karibu na pwani na pia kwenye milima ya Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameihamishia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo mmoja, ya Streptocarpus, lakini sijamsikia mtu wa Tanga anayejali. Mwaka 1927 huko California kampuni ya Armacost & Royston iliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua aina kumi, na kwenye hizo kumi ndiko lilikoanzia wimbi la vayoleti za madirishani ambalo leo lina maelfu ya aina zenye majina.

Ua lilitoka kwa mtoto likaenda kwa baba, kwa baba likaenda kwa mtaalamu, na kila aliyelipata alikuwa na sababu ya kumpa mwingine. Mkonge nao ulikuja hapa karibu miaka ile ile kwa njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyonusurika ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, hadi katikati ya miaka ya 1960 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Ile 62 ingefungiwa kwenye boma moja la mtu mmoja asiyetaka mwingine awe nayo, moto mmoja wa kiangazi ungetosha kumaliza habari yote.

Vayoleti za Mwalimu si zile za dukani zenye maua yaliyojaa kama yamekunjwa. Zake ni za asili, maua madogo ya bluu inayokaribia zambarau, majani yenye manyoya. Hakuzing'oa kwenye mwamba. Alizipata kwenye vyungu vya watu: wazee wa Muheza, watumishi wa zamani wa mashamba ya chai, watu waliozaliwa milimani na kushuka mjini na jani moja kwenye leso. Kwa macho, nyingi huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye asili, kwa sababu vayoleti za mwituni huota kwa mafungu madogo yaliyotengana, fungu hili kwenye jabali hili, jingine ng'ambo ya bonde, na kila fungu lina tabia zake. Za miamba ya chini, karibu na pwani, Mwalimu ameona zinastahimili joto la kaskazi kuliko za juu. Ukipoteza kibao, umepoteza hilo pia.

Kitoto kimoja kiende mbele

Ukichukua jani kwa Mwalimu, hadai kitu papo hapo. Anadai baadaye: jani likizaa, kitoto kimoja umpe mtu wa tatu, kisha uje umwambie umempa nani. Anaandika kwenye kaunta buku. Sharti hili halimuumizi mtu, maana jani moja la vayoleti hutoa vitoto viwili, vitatu, wakati mwingine zaidi. Unakata kikonyo kwa mshazari, unabakiza sentimita mbili tatu, unalichomeka kwenye makumbi yenye unyevu kidogo na kulifunika kwa mfuko mwangavu. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vinachungulia. Gharama yake ni subira.

Wengine wanaobadilishana mimea hapa mjini hawaendi hivyo. Wao ni nipe nikupe. Unakuja na chako, mwenzako anacho chake, mnapimana, mkilingana mnabadilishana na kila mtu anakwenda zake. Ni haki, sikatai. Lakini anayeanza, mwenye kopo moja la mmea wa kawaida, hana cha kutoa, kwa hiyo habadilishani na mtu. Na mwenye mmea adimu kabisa hapati wa kulingana naye, kwa hiyo mmea unakaa pale pale alipoupata.

Nipe nikupe ina tatizo jingine ambalo nililiona mwenyewe uani kwa Mwalimu. Kijana wa Ngamiani anayetengeneza simu alikuwa amempa mama mmoja wa Chumbageni jani la sanseviera yenye kingo za njano, naye mama akampa kipande cha okidi. Miezi ikapita. Jani likaota, lakini chipukizi likatoka kijani tupu, bila ukingo wa njano hata kidogo. Mama akaja na kopo lake mkononi.

"Mwalimu, huyu mwanao kaniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Wallahi jani nilikata mbele ya macho yako. Lilikuwa na njano huku na huku."

"Marahaba. Na hii hapa ni nini?"

Mwalimu akalipokea kopo, akaligeuza, akatoa udongo kwa kidole mpaka shina la chini likaonekana. Akawaonyesha. Rangi ya njano ya ukingo iko kwenye tabaka fulani za jani tu, na jani likichomekwa, chipukizi huzaliwa kutoka sehemu nyingine ambayo ni kijani. Ukitaka njano ibaki, usikate jani. Chimba chipukizi lenye kipande cha shina lake la ardhini. "Hakuna aliyedhulumu hapa," akasema. "Mmefunga biashara kabla hamjajua mnauziana nini." Kijana akachimba chipukizi kwake kesho yake na kulipeleka Chumbageni mwenyewe, maana mama alikuwa ameshasema hatarudi Ngamiani kwa ajili ya mkonge pori.

Ugomvi kama huo hautokei kwenye jani la Mwalimu. Likioza, unarudi kuchukua jingine, na hakuna deni lililofungwa.

Sasa, kuna jambo ambalo watu wa Makorora hawalijui na ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. Mwalimu alikuwa na kanuni mbili. Aina 17 zilikuwa barazani, na hizo ndizo zilizokwenda kwa sharti la kitoto kimoja. Aina sita alikuwa akiziita "za ndani". Zilikaa dirishani ukumbini na hazikutolewa bure kwa mtu yeyote. Kwa hizo alikuwa nipe nikupe kama wengine, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu cha kulingana nazo, hazikutoka. Isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja

Mfahamiana wake wa kutoka nje ya mji alikuja na vayoleti ya kisasa, maua ya rangi mbili, majani yamepangika, ndani ya chungu cha plastiki na udongo wake. Mwalimu aliitamani. Wakakubaliana kubadilishana na moja ya za ndani. Mgeni ikawekwa dirishani siku ile ile, pamoja na wenzake.

Kwa kuwa maji yakitua juu ya majani ya vayoleti huacha madoa, yeye alikuwa akizinywesha kwa chini: anapanga makopo kwenye sinia moja kubwa lenye maji, nusu saa, kisha anayatoa. Za barazani na za ndani zote zilipitia sinia hilo hilo. Vidung'ata wa mizizini hukaa udongoni, wanafyonza mizizi na kuacha unga mweupe kwenye kuta za ndani za kopo. Juu huwaoni. Wachanga wao hutambaa na kutoka kwenye matundu ya chini ya kopo, na maji ya pamoja yanawabeba. Kwa hiyo njia ile ile iliyokuwa ikilinda majani ndiyo iliyomfikisha mdudu kwenye kila mzizi.

Dalili za mwanzo zilimdanganya. Mmea ulioshambuliwa mizizi hunyong'onyea kana kwamba una kiu, naye alipoona hivyo akaongeza maji. Masika ilikuwa imeshika, hewa nzito, na mizizi iliyojeruhiwa ikaanza kuoza. Alipokuja kung'oa moja na kuona unga ule mweupe, zilikuwa zimebaki chache zenye majani magumu. Alijaribu kuanza upya kwa majani hayo. Mengi yalikuwa yameshalegea na yakaoza kwenye makumbi. Udongo wote akautupa, makopo akayachoma.

Kubadilishana mimea hubeba zaidi ya kile ulichokusudia, na Tanga tuna ushahidi mkubwa kuliko sinia la Mwalimu. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ili kujaribu mimea kutoka kila pembe ya dunia. Ilileta mengi mazuri. Pia ndimo walimotokea mti uitwao Maesopsis eminii na kichaka kiitwacho Clidemia hirta, ambao walitoroka bustanini na kuingia kwenye msitu wa asili wa Usambara Mashariki, na mpaka leo wanasumbua. Mgeni hapimwi kwa sura.

Hesabu ya waliorudi

Aina 17 zilizokuwa barazani, 15 zimerudi. Aina sita za ndani, imerudi moja.

Mtu anaweza kuona hapo jibu limejileta lenyewe, kwamba alichogawa kilirudi na alichokibana kilikufa. Mimi pia naamini hivyo kwa sehemu kubwa, lakini hesabu hii ina mitego na ni vizuri kuitegua.

Wa kwanza: za ndani zilikuwa adimu kwa sababu gani? Mbili kati yake ni ngumu kweli. Zinatoka juu milimani, zinataka ubaridi, na hapa mjini zilikuwa zinasukumwa tu zifike mwisho wa kaskazi. Hata angezigawa Tanga nzima, sidhani kama zingeishi kwa wengine. Hizo nisizihesabu. Zinabaki nne ambazo hazikuwa ngumu kuliko za barazani. Zilikuwa adimu kwa sababu yeye alizifanya adimu.

Wa pili: ile moja ya ndani iliyorudi haikurudi kwa hekima ya mtu. Mjukuu wake, wakati huo yuko kidato cha pili, alikuwa amechuna jani dirishani kwa siri na kumpelekea mama wa rafiki yake Pongwe aliyelisifia. Mama yule aliposikia habari za msiba alikuja na kopo zima, hajui kwamba ana kitu cha wizi. Mjukuu hakusemwa. Alipewa daftari aandike mwenyewe, na mwandiko wake upo pale, umepinda kwa aibu.

Wa tatu, na huu ndio muhimu zaidi: zile mbili za barazani ambazo hazikurudi zilikuwa zimegawiwa kama nyingine. Moja ilikuwa kwa watu wanne, nyingine kwa watu watatu. Wote walikuwa Ngamiani, kwenye nyumba za bati la chini, vyumba vya kupanga, makopo dirishani. Kaskazi ya mwaka ule iliwaunguzia wote kwa pamoja. Kwenye daftari mmea ulikuwa na makazi manne. Kwa hali ya hewa ulikuwa na makazi mamoja. Mwalimu wa jiografia alistahili kuliona hilo mapema, na nilipomwambia hivyo hakukasirika, alicheka tu.

Waliorudisha nyingi ni watu wawili waliokaa mbali na joto la mji. Mmoja ni nesi wa Muheza aliyekuwa amechukua jani lake la kwanza alipokuja kumtembelea shangazi yake Makorora. Yeye peke yake alirudisha aina sita. Alishuka kwenye daladala na hotipoti la wali mkononi, na ndani yake, badala ya wali, kulikuwa na pamba iliyoloweshwa na majani yaliyofungwa moja moja kwenye karatasi ya gazeti, kila kifurushi na jina lake kwa penseli. Hotipoti huzuia joto kuingia kama inavyozuia kutoka, na majani yalifika yamesimama. Hakuleta udongo. Hakuwa ameambiwa asilete. Hotipoti tu halikuwa na nafasi. Lakini ndiyo sababu vayoleti zake zilikuwa safi.

Wengine walirudisha vibaya. Majani mawili yalikuja bila jina. Aliyeleta alikumbuka kwamba ni ya Mwalimu, basi. Yameota vizuri na yanatoa maua, na yako barazani chini ya kibao kilichoandikwa "hajulikani". Nimeyahesabu miongoni mwa 15 kwa sababu Mwalimu anayahesabu, kwa kulinganisha sura ya majani. Mimi ningeyaweka pembeni. Mmea wa asili usiojulikana umetoka jabali gani ni mzuri dirishani, ila hauwezi kujazia pengo la ule uliopotea.

Yasiyogawika kwa jani

Kanuni ya kitoto kimoja inafaa vayoleti kwa sababu ya maumbile ya vayoleti. Zamiokulka nayo huota kwa jani, ila polepole. Jani moja dogo laweza kukaa miezi mingi linatengeneza kiazi chini kabla hujaona kitu juu. Okidi ni habari nyingine. Mbegu zake ni vumbi, na porini haziotei bila kuvu fulani kuzilisha. Mmea mkubwa unachukua miaka, kwa hiyo njia pekee ya nyumbani ni kugawa shina lililokwisha kuwa nene.

Hapo ndipo wanapoingia wachuuzi wa porini. Mtu mmoja aliwahi kuja na gunia la okidi zilizobanduliwa kwenye miti njia ya Muheza, mizizi imekatika, na akataka vayoleti badala yake. Mwalimu alikubali mara moja ile. Karibu zote zilikauka. Aliandika "pori" kwenye daftari na hajakubali tena, na kwa hili sina la kumwongezea, isipokuwa kwamba sheria iko upande ule ule. Okidi zote ziko kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na mwituni kwa Amani, ambako ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, hutoi mmea bila kibali. Vayoleti haimo kwenye orodha ya CITES, lakini jabali lililo ndani ya hifadhi ni la hifadhi.

Mtapo ndio mgumu kuliko wote. Jani lake haliotei. Una dume na jike mbalimbali, kwa hiyo mtapo mmoja uani hautakupa mbegu zinazoota. Kinachogawika ni chipukizi la pembeni, na hilo hutoka mara chache. Mitapo yote ya jenasi ya Encephalartos iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, daraja lenye ulinzi mkali kuliko mengine. Simu zilimjia Mwalimu kutoka Dar, mtu anataka mtapo wa baba mkwe, atatuma gari, bei aseme yeye, na mzigo unakwenda nje. Alimjibu kwamba mti una wenyewe na wenyewe wako makaburini. Chipukizi moja alilopata amempa jirani wa ukuta wa pili, bila sharti lolote, kwa kuwa mpaka litoe chipukizi jingine sote tutakuwa tumezeeka.

Alichobadilisha, na tunachobishania

Siku hizi vayoleti haiingii kwa Mwalimu na udongo wake. Jani tu, au mmea uliooshwa mizizi ikaonekana. Mmea unaoingia hukaa kwanza upande wa bafuni, peke yake, mpaka utoe majani mapya na kukaguliwa mizizi. Sinia limerudi jikoni. Kila kopo lina kifuniko chake cha ndoo. Kwenye kaunta buku ameongeza safu ya mahali, na aina haihesabiki kuwa salama mpaka iwe na mtu mmoja angalau wa Muheza kwenda juu. Nesi wa hotipoti amepata kazi asiyolipwa.

Tunachobishania ni za ndani. Alipoanza upya nilidhani amekwisha kuziacha, kumbe ana mbili. Moja ni ile ya mjukuu, na hiyo imeshagawiwa kwa watu watano. Ya pili, ambayo sikuihesabu miongoni mwa zilizorudi kwa kuwa haikutoka kwake, aliipata upya kwa mzee wa Muheza aliyempa ile ya kwanza miaka mingi nyuma, na hiyo haitoki. Anasema mzee alimkataza. Nilipokwenda Muheza kwa shughuli zangu nilipita kwa mzee huyo, nikamwamkia, tukazungumza ya mvua na karafuu, kisha nikauliza.

"Nilimkataza asiuze," akasema. "Kugawa sikumkataza. Mimi mwenyewe nimeigawa. Unadhani hii aliyopewa mara ya pili imetoka wapi? Yangu ilikufa. Hii nimerudishiwa na watu."

Nimempa Mwalimu maneno hayo kama yalivyo. Hajanikubalia. Anasema mzee siku hizi anasahau, na anataka amsikie kwa masikio yake. Tumepanga kwenda pamoja baada ya Idi, na nesi ameahidi kutusubiri stendi.